Bomba Mchangani

Shekuwe, sauti yako, nimeisikia jana,
Wauliza pesa zako, mbona ukuta hapana,
Wenzio wa huko huko, picha za kuta waona,
Wewe uliyoiona, ni bomba tu mchangani.

Ni kweli, bomba na mita, mwezi wa tano ni huu,
Nguzo nilizofuata, nikavimba na miguu,
Ukuta sijaupata, wala dari huko juu,
Sikiza, jambo ni kuu, kabla hujanilaani.

Unamjua Masudi, aliye jirani yetu,
Alianza kwa juhudi, hakungojea ya watu,
Kisimani ikabidi, pipa tatu, pipa tatu,
Chumvi ni mamake kutu, ikanywewa simitini.

Leo nguzo zapasuka, nondo zatoa usaha,
Plasta yote yabanduka, wanawe waona raha,
Huchimba wakiandika, majina kwa ufasaha,
Baba yao, si mzaha, analala barazani.

Ndipo nikashika njia, kwenda kwa wa maji wale,
Hati zetu nikatia, mkobani zote zile,
Karani kazipitia, akasema, "La, si vile,
Sahihi ya yule kule, mwenye jina la hatini."

Ile simu ya usiku, ile ulonitukana,
Nilitaka kwa shauku, sahihi yako na jina,
Kisha wiki, kila siku, napiga tena na tena,
Sauti ya msichana: "Mteja hapatikani."

Mtaro, hatua mia, akauchimba Mwadzombo,
Matumbawe yakalia, sururu ikenda kombo,
Sita zilipobakia, akaniuliza jambo:
"Mama, nyumba ya urembo, mbona yaanza bombani?"

Sikuwa na la kujibu, nikampa chai moto,
Akainywa taratibu, akafuta jasho zito,
"Baba mkwe, ni ajabu, aliniuliza mto:
'Sikupi wangu mtoto, bila maji mtungini.'"

Na stima nayo ni tabu, nguzo ya mwisho ni mbali,
Fundi kaja na hesabu, akapima mara mbili,
Nguzo mbili, ndo majibu, na kila moja ni ghali,
Nikauza ile mali, bangili za sandukuni.

Hilo sijakueleza, na mama usimwambie,
Hudhani nimezilaza, harusini nizivae,
Nguzo mbili zapendeza, kunguru wajitulie,
Mkono wacha ukae, mtupu, buibuini.

Siku maji yalotoka, kwanza ilitoka hewa,
Bomba likatetemeka, kama mwenye kupagawa,
Kisha yakamiminika, matamu, nikayanawa,
Wana wa Masudi hawa, wakaja, ndoo kichwani.

Jioni baba mwenyewe, akaja na simu yake,
Aomba isaidiwe, ipate chaji iwake,
Akaketi kwenye jiwe, akingoja peke yake,
"Nilicheka. Usicheke, na wewe, dada jirani."

Jumatatu Fundi Nyale, na mashine ya tofali,
Ataanza pale pale, na maji hayako mbali,
Zitanyweshwa, zinywe tele, siku saba, ziwe kali,
Sikodi kitu cha ghali, jenereta ya dukani.

Najua yatakatika, wiki mbili, wiki tatu,
Tangi nimeshaliweka, linatazama mawe tu,
Stima nayo huzimika, mji huu una vitu,
Giza letu, kiu yetu, havitushiki njiani.

Bili imenifikia, ya nyumba isiyokuwa,
Jina lako wametia, vibaya likakosewa,
"Mlango" wameachia, nafasi haijatiwa,
Nimelipa, naambiwa: "Mteja, u kitabuni."

Picha, hebu irudie, uikuze kwa vidole,
Bombani usiishie, nyuma kuna taa kule,
Chini yake aketie, achaguaye mchele,
Ni mama na kiti kile, asema yumo nyumbani.